Masanduku ya barafu kwa safari ndefu: lipi hufikisha nyama ingali ngumu?

Karibu kila sanduku la barafu hunadiwa kwa hoja moja: barafu itakaa siku ngapi. Kwa soda na maji ya kunywa hoja hiyo inatosha. Kwa nyama iliyogandishwa haitoshi, kwa sababu barafu ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 0 za sentigredi, ilhali nyama huanza kulegea kabla ya hapo. Maji yaliyomo ndani ya nyama yamechanganyika na chumvi na protini, kwa hiyo nyama ya steki ya ng'ombe huganda kuanzia takriban nyuzi −2, na hata ikiwa kwenye −5 sehemu ya maji yake bado haijashika. Sanduku linaweza kufika mwisho wa safari likiwa na mabonge ya barafu yanayoelea na nyama iliyolainika kabisa, na aliyeliuza akawa hajadanganya lolote.

Basi swali la kwanza si sanduku gani, bali nyama ifike ikiwa katika hali gani. Ikiwa itapikwa siku ya kufika, inatosha ibaki chini ya nyuzi 4, na kazi hiyo sanduku lolote lenye heshima linaiweza. Ikiwa lazima irudi kwenye friza ikiwa ngumu, barafu ya maji peke yake haitafaa hata ukiijaza mpaka mdomoni. Utahitaji kitu cha baridi zaidi ya nyama yenyewe: chupa za maji ya chumvi zilizogandishwa, barafu kavu (kabonidioksidi iliyogandishwa), au friza ya gari yenye kompresa. Mapitio haya yanapima masanduku kwa kazi hiyo ya pili, ambayo ndiyo ngumu.

Kuta ndizo zinazolipiwa

Chukua sanduku la lita 50, lenye kuta za jumla ya mita 1 ya mraba hivi, nje kukiwa na nyuzi 30 na ndani 0. Povu la poliyurethini lenye unene wa sentimita 5 litapitisha joto la wati 15 hivi, ambalo kwa siku nzima huyeyusha kilo 4 za barafu. Povu hilohilo likiwa la sentimita 2, joto linaloingia hukaribia wati 38 na barafu inayoliwa kwa siku ni karibu kilo 10. Polistairini, lile povu jeupe jepesi, ikiwa ya sentimita 2.5 ni dhaifu kuliko hiyo kidogo: kilo 11 hivi. Hapo hatujahesabu mfuniko unaofunguliwa kila baada ya muda wala mpira uliochoka. Gari likiegeshwa juani na buti likafika nyuzi 45, zidisha kila namba kwa moja na nusu.

Upande wa pili wa hesabu ni nyama yenyewe. Kuipandisha kilo moja ya nyama isiyo na mafuta mengi kutoka −18 hadi 0 kunahitaji takriban kilojuli 250, na kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji 334. Kwa maneno mengine, kilo 20 za nyama iliyoganda sawasawa hubeba baridi sawa na kilo 15 za barafu. Ndiyo sababu sanduku lililoshindiliwa nyama hulishinda lenye nyama nusu na hewa nusu, hata kama la pili ni la bei mbaya zaidi.

Ila kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Sehemu kubwa ya akiba hiyo imelala kati ya −5 na 0, yaani wakati ambapo nyama tayari inabonyea kwa kidole. Kutoka −18 hadi −5 kuna kilojuli 60 tu kwa kila kilo. Kilo 20 zikiwa peke yake ndani ya kuta za sentimita 5 hufika −5 baada ya saa 15 au 16 hivi. Ndani ya kuta za sentimita 2, baada ya saa 6. Hayo ni makadirio ya wastani wa mzigo mzima. Pakiti za pembeni na za juu hulegea mapema, na za katikati huchelewa sana.

Sanduku jeupe la polistairini

Halina uzito, ni rahisi kupatikana, na kwa safari ya nusu siku si baya kama watu wanavyodhani. Povu lenyewe ni zuri. Kinachoshindwa ni mfuniko. Hauna mpira wala komeo, na mtikisiko wa barabara huuinua kidogo kidogo. Zungushia utepe mpana wa kunata kwenye mshono wote, kisha liingize ndani ya katoni kubwa zaidi na ujaze nafasi kwa magazeti. Kwa kufanya hivyo tu utapunguza uvujaji wa baridi na pia utalizuia kuvunjika. Likishapasuka kwenye pembe, acha kuligundisha. Hewa itapita tu.

Lina sifa moja ambayo masanduku ghali hayana: lisipozungushiwa utepe halizibi kabisa, kwa hiyo hewa ya barafu kavu hutoka bila shida.

Sanduku la plastiki la familia

Hili ndilo ambalo wengi tayari wanalo. Mfano unaojulikana ni Coleman Xtreme, linalouzwa kwa ahadi ya kutunza barafu siku 5 kwenye joto la nyuzi 32. Ahadi za namna hii zisomwe kwa makini: ni barafu kusalia, si nyama kubaki ngumu, na sanduku linalofunguliwa mara kwa mara halitazifikia.

Udhaifu wa kundi hili uko juu. Masanduku mengi yana povu zuri ubavuni lakini mfuniko una hewa tupu ndani. Ugonge kwa kidole: ukitoa mlio wa debe tupu, hauna povu. Wapo wanaotoboa matundu kwa chini na kupuliza povu la kujazia fremu za milango. Inafanya kazi, ila povu hilo huvimba. Ukijaza kwa pupa mfuniko hupinda na haufungi tena. Puliza kidogo, ngoja likauke, ongeza. Njia ya salama zaidi ni kukata kipande cha povu gumu cha sentimita 3, kikae juu ya nyama kwa ndani kikigusa kuta zote nne. Kipande hicho pia huzuia baridi isimwagike kila mfuniko unapofunguliwa.

Ukiwa na kipande hicho, mpira mzuri na chupa za chumvi, sanduku la kundi hili linamaliza safari ya siku moja na usiku wake kwa nyama ngumu katikati na laini kidogo pembeni. Zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Sanduku zito la kuta nene

Haya hufinyangwa kwa plastiki moja isiyo na mshono, kisha hujazwa povu lililobanwa. YETI ndiyo iliyolipa kundi hili jina, na makampuni mengine yamefuata umbo lilelile. Faida ni halisi: povu nene pande zote na kwenye mfuniko, mpira kama wa friji, makomeo yanayobana. Kwa hesabu za hapo juu, hapa ndipo zile saa 15 hugeuka kuwa siku mbili na zaidi ukiongeza kitu cha baridi kuliko nyama.

Lawama zipo tatu. Ya kwanza ni uzito: saizi ndogo ya familia tayari ina kilo 10 hivi likiwa tupu, na ukiongeza kilo 20 za nyama na chupa, si mzigo wa mtu mmoja. Ya pili ni nafasi. Kuta nene hula ujazo, na namba iliyo kwenye jina si lita: YETI Tundra 45 haibebi lita 45 ndani. Pima kwa mkono kabla ya kununua, na upime pia kama linaingia kwenye gari kwa nje. Ya tatu ni kwamba plastiki na povu lote hilo vina joto lake. Sanduku la kilo 10 lililokaa stoo kwenye nyuzi 30 litameza takriban kilo moja ya barafu kabla halijaanza kulinda chochote. Mtu anayelitoa stoo asubuhi ya safari na kupakia nyama papo hapo amenunua kuta nene kisha akaanza kwa hasara. Lipoze usiku mzima kwa chupa za barafu za kutupwa, na ziondoe wakati wa kupakia.

Kukagua mpira, weka ukanda wa karatasi kwenye ukingo, funga, vuta. Karatasi ikitoka bila kukwama, hapo panavuja. Rudia kila sentimita 10, hasa karibu na bawaba.

Sanduku la umeme lisilo na kompresa

Lile jepesi la feni, linalochomekwa kwenye soketi ya kuwashia sigara. Usilinunue kwa nyama iliyogandishwa. Hupoza nyuzi 15 hadi 20 chini ya joto la nje, basi. Gari likiwa na nyuzi 35, ndani kutakuwa na 15 au 20, na feni ya upande wa joto ikizibwa na mizigo hata hizo hupotea.

Friza ya gari yenye kompresa

Hii ndiyo pekee ambayo urefu wa safari hauitishi. Mashine za aina ya Dometic CFX3 hushuka hadi −22, na nyingi za kundi hili hutumia wati 45 hadi 60 kompresa inapofanya kazi. Kama safari ni ya siku tatu au zaidi na barafu kavu haipatikani njiani, mjadala umekwisha: nunua au kodi hii.

Malalamiko mengi yanayoandikwa juu yake kwa kweli ni malalamiko ya waya. Friza huwa na kinga ya betri yenye ngazi tatu. Kwenye ngazi ya juu hujizima umeme ukishuka karibu volti 11.8. Sasa tazama: waya mwembamba wa milimita 1 ya mraba, mita 5 kutoka betri hadi nyuma ya gari, kwenda na kurudi, hupoteza karibu volti 0.9 friza ikivuta ampea 5. Betri yenye volti 12.2 huonekana na friza kama ina 11.3. Inazima, inapumzika, inawaka, inazima tena, na nyama inalainika huku betri ikiwa bado nzima. Vuta waya wa milimita 4 au 6 za mraba moja kwa moja kutoka betri, wenye fyuzi karibu na betri. Usiiteremshe tu kinga hadi ngazi ya chini kama betri ndiyo hiyo hiyo ya kuwashia gari, asubuhi hutawasha.

Mambo mengine mawili. Soketi nyingi za kuwashia sigara hukata umeme ufunguo ukitolewa, kwa hiyo usimamaji wa chakula cha mchana wa saa mbili ni saa mbili bila baridi. Na matundu ya hewa ya kompresa yanahitaji nafasi. Blanketi lililotupwa juu yake ili "kusaidia baridi" hufanya kinyume. Ipoze mpaka −18 kwa umeme wa nyumbani siku moja kabla, kisha ingiza nyama ambayo tayari imeganda. Mashine hizi hutunza baridi vizuri, lakini kugandisha nyama mbichi njiani huzichosha.

Namna ya kupakia

Nyama itolewe kwenye sinia za dukani, ifungwe kwenye mifuko imara isiyo na hewa, ibanwe bapa unene wa sentimita 3 hivi. Mabapa hupangika kama matofali bila mianya. Igandishe siku mbili au tatu kabla, kidogo kidogo. Friza ya nyumbani ikitiwa kilo 15 za nyama mbichi kwa mkupuo, katikati ya mzigo patakuwa hapajaganda siku ya safari hata kama nje ni jiwe. Weka kipimo cha friza kwenye baridi kali kabisa usiku wa mwisho. Kila nyuzi moja chini ya −18 ni muda wa bure.

Kwa chupa za chumvi: gramu 50 za chumvi ya kawaida kwa lita moja ya maji, koroga mpaka iishe, jaza chupa ya plastiki na uache nafasi ya moja ya kumi kwa sababu maji yakiganda hupanuka. Mchanganyiko huo huyeyuka taratibu kuanzia −18 hadi karibu −3, yaani daima kwenye baridi kali kuliko ile ambayo nyama humaliza kuyeyuka. Chupa 8 za lita moja huongezea sanduku la kuta nene takriban siku moja na robo. Hazitaishikilia nyama kwenye −18. Zitaizuia isiyeyuke, ambalo ndilo tulilolitaka. Ziandike kwa kalamu isiyofutika, kwani mtu mwenye kiu hatauliza. Chumvi ikizidi gramu 100 kwa lita, friza ya nyumbani haitaweza kugandisha sehemu kubwa ya maji, na chupa nzito isiyoganda haina faida.

Hapohapo tahadhari na pakiti za jeli za dukani. Nyingi huganda kwenye 0, kwa hiyo kwa nyama ngumu ni sawa na barafu ya maji. Zile za −21 ni nzuri kweli, lakini friza yenye −18 haiwezi kuzigandisha. Zitatoka zikiwa baridi tu, bila akiba iliyokusudiwa.

Chupa zikae juu na pembeni, nyama katikati. Baridi hushuka, na joto kali zaidi huingia kupitia mfuniko. Mwanya wowote uzibwe kwa taulo au karatasi iliyokunjwa. Vinywaji viwe na sanduku lao, bila majadiliano, maana ndivyo vinavyofunguliwa kila saa. Na ukiona maji chini ya sanduku, yatoe. Ushauri wa kuyaacha maji baridi unafaa kwa soda. Kwa nyama iliyo chini ya sifuri, maji ya nyuzi 0 ni ya moto kuliko nyama, na hupitisha joto vizuri kuliko hewa. Tena huwa na damu.

Barafu kavu

Ina nyuzi −78.5 na haiachi maji. Ndani ya sanduku la lita 50 la kuta nene, lililopozwa na kujaa, hesabu kilo 3.5 hadi 4 kwa siku. Kwenye polistairini nyembamba, karibu kilo 10. Ichukue saa za mwisho kabla ya kuondoka kwa sababu inapungua hata ikiwa imehifadhiwa. Zungushia magazeti, weka katoni juu ya nyama, kisha barafu juu ya katoni. Ikiguswa moja kwa moja na plastiki ya ndani, plastiki nyingine hupasuka. Shika kwa glavu nene. Kabla ya kuitumia soma kijitabu cha sanduku, kwani si kila mtengenezaji anairuhusu.

Hatari yake si baridi tu. Kilo moja hugeuka kuwa lita 540 hivi za hewa ya kabonidioksidi. Kilo 5 zikiisha kwa siku moja ni lita 112 kwa saa; ndani ya gari dogo lenye hewa ya mita 3 za ujazo na vioo vyote vimefungwa, hiyo ni karibu asilimia 3.7 kwa kila saa. Kichwa kuuma, kupumua haraka na usingizi ni dalili, na dereva ndiye anayepumua hewa hiyo. Kipoza hewa kinachozungusha hewa ya ndani hakisaidii. Iweke nje ya sehemu ya abiria ikiwezekana, au acha vioo wazi na kipoza hewa kivute hewa ya nje. Usilale ndani ya gari hilo. Kizibo cha tundu la maji kilegezwe na komeo moja liachwe wazi. Sanduku lililozibwa kabisa hupasuka.

Kipimajoto, na kufika

Kununua sanduku ghali bila kipimajoto ni nusu ya kazi. Chenye kihisi cha waya au cha redio ni bora, kwa sababu unasoma bila kufungua. Kihisi kiwe kati ya pakiti za juu, karibu na ukuta, ambako ndiko kwenye joto zaidi. Kikiwekwa katikati ya mzigo kitakupa habari njema za uongo. Kengele iwekwe kwenye −4. Ikilia, bado una muda wa kutafuta barafu kavu au kubadili mpango wa chakula cha jioni.

Nyama yenye chembe za barafu ndani yake, au iliyobaki kwenye nyuzi 4 au chini, inaweza kugandishwa tena kwa usalama. Itapoteza maji na ulaini kiasi, ya kusaga zaidi kuliko vipande. Iliyopita nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2 itupwe, na kama hewa ilizidi nyuzi 32, zaidi ya saa 1. Kunusa si kipimo, kwa sababu vijidudu vinavyoleta maradhi si lazima vitoe harufu.

Baada ya kupakua, toa kizibo cha tundu la maji na mpira wa mfuniko kama unatoka, maana damu hujificha humo. Osha kwa maji moto na sabuni, pitisha maji yenye dawa ya klorini kidogo, suuza, kausha kabisa, na uhifadhi sanduku mfuniko ukiwa wazi. Sanduku ambalo mpira wake hautoki na tundu lake halifunguki kwa mkono ni la kuachwa dukani.